Parachichi la Jumapili

Boti ya asubuhi ilipofunga kamba gatini, watu walimwagika kama mchele kutoka gunia lililotoboka. Mwenye jogoo kwapani, mwenye godoro kichwani, kila mmoja na haraka yake. Kijana mmoja mrefu mwenye ovaroli la buluu na sanduku la vifaa alisukumwa na umati mpaka akajikuta ameegemea meza ya matunda. Ili asionekane mzururaji, akachukua parachichi akalibonyeza.

"Kaka, toa kidole. Hilo ni parachichi, si kengele ya mlango."

Msemaji alikuwa msichana aliyevaa gauni la manjano na aproni yenye mfuko mpana, kitambaa cha kichwa kimekaa upande kama aliyekifunga huku anakimbia. Nyuma yake yalipangwa mananasi, mapapai na chane za ndizi, vyote kutoka shamba dogo la mama yake kule kilimani. Lakini mbele kabisa yalikaa maparachichi, maana huo ndio uliokuwa msimu wake.

"Samahani, dada. Nilitaka kujua kama limeiva."

"Utalila lini?"

"Lini?"

"Ndiyo. Leo, kesho, Jumamosi? Taja siku, mengine niachie mimi."

Mji mzima ulimwita Bi Lini kwa sababu ya swali hilo. Alikuwa akigusa tunda karibu na kikonyo, kwa upole, kisha anasema, "Hili la leo jioni. Hili la Alhamisi." Na Alhamisi ikifika, tunda limekuwa laini kama siagi. Watu walialika wageni kwa kutegemea neno lake.

"Basi nipe la leo na la kesho," kijana alisema.

"La kesho njoo ulichukue kesho."

"Kumbe unataka nirudi?"

"Nataka ununue, kaka. Kurudi ni shauri lako."

Alirudi. Alikuwa fundi wa mitambo, ameletwa kisiwani kutengeneza mtambo wa barafu pale gatini, na kila mchana alitoka huko mikono imemganda akaja kuipasha moto kwa maneno. Bi Lini alimpa jina la Barafu. Akichelewa, simu yake ililia.

"Barafu wangu, umeyeyukia wapi?"

"Nimebanwa na kompresa, mpenzi. Umekula?"

"Nitakulaje na mwenzangu yuko ndani ya friji?"

Siku moja, wakati wa kufunga kibanda, msichana alimtia ufunguo wa akiba mkononi.

"Huu hajawahi kuushika mtu asiye wa nyumbani kwetu."

"Kwa hiyo mimi ni wa nyumbani?"

"Wewe ni wa mlangoni," alimjibu huku anacheka. "Ndani utaingia siku utakayokwenda kwa mama."

Barafu alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia huyo mama, ndipo mama mwenyewe akashikwa na homa. Kibanda kikafungwa, Bi Lini akabaki kilimani kumuuguza. Ndani yalibaki makreti ya maparachichi mabichi, yaliyochaguliwa mahususi yaive Jumapili, kwa ajili ya wageni wa posa ya binti wa fundi cherehani. Jua likawa kali ajabu. Barafu akaona huruma. Akatumia ule ufunguo, akayabeba makreti mgongoni mpaka chumba cha kuhifadhia barafu. Baada ya siku chache kampuni ikamwita bara kufunga mtambo mpya. Alfajiri, kabla ya boti, akayarudisha kibandani yakiwa kijani kibichi, akaondoka anajisikia kama mtu aliyeacha zawadi chini ya mto.

Jumamosi Bi Lini alishuka mbio kutoka kwa mgonjwa, akamkabidhi fundi cherehani makreti yake bila kuyagusa, maana siku alikwisha kuitaja. Jumatatu, mzee huyo alikuja na kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

"Bi Lini, mwanangu, sikuja kugombana. Nimekuja tu uone."

Lilikuwa nusu ya parachichi, gumu kama sabuni, lina michirizi myeusi kama masizi.

"Wageni walitazamana," mzee alisema. "Na mimi nilikuwa nimejisifu kwamba matunda ya Bi Lini hayakosei."

Bi Lini alilikunja gazeti, akaliweka kando ya mizani. Mchana huohuo simu ikalia.

"Mpenzi, umeiona zawadi yangu?"

"Zawadi gani?"

"Maparachichi! Niliyaweka kwenye chumba cha barafu yasiharibike na joto. Nilinyamaza makusudi, nikangoja uyaone yalivyobaki mabichi."

Bi Lini alilifunua tena lile gazeti, akalitazama tunda.

"Parachichi bichi likipigwa na baridi ile haliivi tena," alisema. "Linaoza likiwa gumu."

"Mungu wangu. Sikujua, mpenzi."

"Najua hukujua. Ndiyo maana watu huuliza. Mimi humuuliza kila anayepita, hata nisiyemjua jina. Wewe nilikupa ufunguo, na hukuniuliza."

Akakata. Simu zilizofuata hakuzipokea.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba wateja walianza kubonyeza matunda wenyewe. Hakuna aliyetaja siku. Hata hivyo, kila boti ilipopiga honi alipata sababu ya kupanga upya mananasi yaliyotazama bahari. Alilitafuta ovaroli la buluu katikati ya mashati ya watu, halafu akajikasirikia kwa kumtafuta.

Kule bara, Barafu alipanga chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta. Aliandika ujumbe akaufuta, akaandika mwingine. Alinunua parachichi dukani na muuzaji hakumuuliza kitu. Akaliweka dirishani, akawa analiangalia kila akitoka kazini, na lilipoiva alilila peke yake amesimama, bila kujua ladha yake.

"Umemfuta yule kijana?" mama alimuuliza bintiye. Homa ilikuwa imemwacha, ulimi umerudi na nguvu zake.

"Nimemnyamazisha tu kwenye simu."

"Simu unayoichungulia kama chungu jikoni? Hiyo hujainyamazisha."

"Alinitia aibu, mama."

"Kweli alikutia. Lakini makreti yale aliyabeba kwa mgongo wake, kwenda na kurudi. Mvivu hakosei hivyo, mwanangu."

Kesho yake fundi cherehani alifika tena kibandani, safari hii mikono mitupu.

"Huyo mpenzi wako alinipigia simu," alisema. "Kasema kosa ni lake peke yake, nisikuhukumu wewe. Nikamwambia, radhi ya simu ni nusu radhi. Boti zipo." Akakohoa kidogo. "Haya, nipe papai. La keshokutwa."

Bi Lini aliinama kuchagua papai, akachelewa kuinua uso.

Msimu ulikuwa unakwisha. Yalibaki maparachichi ya mwisho mwisho siku ile boti iliposhusha watu na foleni ikajipanga mezani. Bi Lini aliuliza, akagusa, akatoa. Aliuliza, akagusa, akatoa. Alipoinua macho tena, mbele yake alisimama Barafu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kifuani tu. Aliweka ufunguo juu ya mizani.

"Nimeleta amana yako."

"Nimeiona. Unataka nini, kaka?"

Hilo "kaka" lilimchoma, lakini alivumilia. "Parachichi."

Hakugusa tunda lolote. Mikono aliiweka nyuma kama mwanafunzi.

"Utalila lini?"

"Ndilo nililokuja kuuliza. Nataka kwenda kwa mama yako nimwambie nataka kukuoa. Siku siijui. Nichagulie parachichi la siku hiyo."

Foleni ikasogea karibu. Mama mmoja mwenye ndoo akasema kutoka nyuma, "Dada, mpe la leo, jua linatuunguza."

Bi Lini alichukua lililo gumu kuliko yote. "Hili labda wiki ijayo. Labda na ile nyingine."

"Nitalisubiri."

Akalirudisha. Vidole vyake vikapita juu ya matunda, vikasimama, vikagusa karibu na kikonyo.

"Hili la Jumapili."

"Mama atakuwepo Jumapili?"

"Mama yupo siku zote. Jumapili na mimi nitakuwepo."

Akamwekea tunda kiganjani, na juu ya tunda akaurudisha ufunguo.

"Liweke dirishani," alimwambia. "Na usilibonyeze, Barafu wangu."