Leo Naingia Peke Yangu

Sogeeni, ndugu zangu, niwaambie. Asubuhi ile nyumba ilikuwa shwari. Fundi, mama mshona nguo, yuko kwenye cherehani yake, mumewe anapiga pasi magauni ya wateja, na shangazi aliyemlea Fundi anasimulia habari za mtaa mzima. Fundi akajaribu kutunga uzi kwenye sindano, mkono ukatetemeka. Akajaribu tena, wapi! Akaitupa sindano kwa hasira.

Dawa za ugonjwa wa akili ndizo zilizomtetemesha, naye alikuwa ameanza kuzitema kwa siri. Sasa zile sauti za zamani zilikuwa zinarudi, zinamwamrisha avunje cherehani. Alikuwa na hofu, alitaka kumwambia daktari. Amwambie saa ngapi? Wakiingia kliniki, shangazi ndiye msemaji. Huanzia Fundi alipozaliwa, alivyochelewa kutembea, alivyolia shuleni. Mume anadakia, wanabishana wao kwa wao. Daktari anaitupia jicho foleni, anaandika dawa zilezile, kwaherini! Mgonjwa hata kinywa hajafungua. Jamani, upendo gani huo?

Siku ya kliniki, zamu yao ilipofika, Fundi akasimama akauziba mlango.

"Leo naingia peke yangu."

"Wee! Utasema nini?" shangazi akang'aka. "Anayekujua ni mimi!"

"Heshima yako iko palepale, shangazi. Lakini anayeumwa ni mimi. Ya utotoni mweleze nesi."

"Mke wangu, usituaibishe mbele za watu," mume akanong'ona.

"Aibu ni nirukwe na akili huku mnanisemea!"

Akaingia, akaufunga mlango. Akayamwaga yote: mikono, dawa alizozitema, sauti. Daktari akaweka kalamu chini, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akambadilishia dawa.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Uliniuliza lini, daktari?"

Daktari akamwita nesi, akampa utaratibu mpya. Tangu siku hiyo, katika kliniki ile, ndugu huzungumza na nesi, na mgonjwa huingia kwanza peke yake.

FUNZO

Muda wa daktari ni mfupi, na ni mali ya mgonjwa. Ukimsindikiza mwenzio, usile dakika zake. Ya kwako mweleze nesi. Nanyi madaktari, mwulizeni anayeumwa kabla ya kushika kalamu. Na wewe mgonjwa, wakikuziba mdomo kwa jina la mapenzi, waache nje, ufunge mlango.