Jeneza Lililoshuka Nyalukemba

SAA MBILI ASUBUHI

Kwa heshima zote zinazostahili tukio hili, na isemwe wazi: mpango uliwekwa mezani katika karakana ya majeneza. Bukavu nzima ilikuwa inafunga mizigo. Chumba cha nyuma cha Delphin, seremala wa Bagira, ndicho pekee ambacho hakuna mtu aliyekuwa na haraka ya kuingia.

Nje, gari lenye kipaza sauti lilipita tena. Dhoruba inakuja kutoka ziwani. Upepo wa kung'oa mabati, mvua ya kuangusha milima. Wa kando ya ziwa na wa miteremkoni, wote wapande hadi mji mdogo wa Miti, kule juu, kabla ya jioni.

Grégoire alingoja sauti ipotee. Zamani aliwahi kuwa msimamizi wa nidhamu katika shule ya bweni, mpaka shule yenyewe ilipomkosea nidhamu. Bado aliongea kama mtu anayesoma orodha ya adhabu.

"Batu bote banapanda," alisema. "Leo nani anaweza kushuka Nyalukemba, apande tena, na hakuna musoda na bunduki yake anamugusa?"

Wenzake watatu, Delphin, Fabiola na dereva Bienfait, walitazamana.

"Maiti," akajijibu. "Maiti haiombwe karatasi."

Akapiga kofi jeneza lililokuwa mezani. Delphin alilipaka vanishi jana yake.

Nyumba waliyoilenga huko Nyalukemba, kando ya ziwa, ilikuwa ya mnunuzi wa dhahabu. Fabiola aliwahi kufua nguo humo, na ufunguo wa jikoni alisahau kuurudisha, kwa makusudi. Mwenye nyumba alikimbia jana na familia. Sanduku lake la chuma lilibaki. Halikuwa kubwa, lakini lilikuwa zito, na gari lake lilijaa watoto.

"Fabiola analia. Delphin anabeba na mimi. Bienfait anaendesha. Simu."

Wote wakatumbukiza simu zao ndani ya mfuko wa saruji. Grégoire akaufunga.

"Mwenye kupiga simu anatuuza. Mwenye kutuuza, jeneza si iko hapa?"

Bienfait ndiye aliyekuwa wa mwisho kuiachia yake.

"Chef, mama iko Kadutu, kwa mutelemuko. Kiuno ilivunjika, hawezi kutembea. Ulisema gari..."

"Nilisema. Tukimaliza, gari inapanda Kadutu. Neno ya mwanaume."

Hilo ndilo lililomleta Bienfait pale. Dhahabu ilikuwa ya wengine. Asubuhi hiyo hapakuwa na gari la kukodi mjini, hata kwa mwenye pesa, na yeye hakuwa nazo. Pick-up ya Grégoire ilikuwepo. Tena Grégoire alimhitaji, kwa sababu ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja: gari lilikuwa lake, lakini kuliendesha hakujua. Alilinunua kwa ajili ya heshima.

Bienfait alikuwa amefunga na kamba ya pili. Papa Didier, kiongozi wa shirika lao la sala, alimwahidi: "Saa sita ikifika na hujaonekana, mimi na vijana tutamubeba maman kwa machela. Hatumuache."

Mwenye kamba mbili hazami, Bienfait alijiambia.

SAA NNE

Nyalukemba ilikuwa kimya kama darasa baada ya mkuu wa shule kuingia. Milango ilifungwa kwa minyororo. Mbwa mmoja aliwatazama, akaona hawana nyama, akarudi kulala. Ziwa lilikuwa limegeuka rangi ya risasi, na upande wa Idjwi hapakuwa tena na kisiwa. Palikuwa na ukuta mweusi, nao ulikuwa unatembea.

Ufunguo ulizunguka. Sanduku la chuma lilikuwa nyuma ya kabati, pale pale Fabiola alipokuwa akifagia. Wanaume watatu walilikokota, wakalilaza ndani ya jeneza juu ya mablanketi. Mbao zikalia.

"Nilipiga misumari ya mutu," Delphin alinong'ona. "Sikupiga ya chuma."

"Basi mutu huyu alikula vizuri. Funga."

Kifuniko kikashuka. Grégoire akafanya ishara ya msalaba, kwa mazoea tu.

Upepo wa kwanza ukapita juu ya mabati.

"Radio ilisema jioni," Bienfait alisema.

"Radio haina saa. Endesha."

SAA TANO NA NUSU

Kizuizi cha barabara ya Miti kilikuwa kimezibwa na watu. Magodoro vichwani. Mbuzi migongoni. Mzee mmoja alibeba mlango wa nyumba yake, maana mlango ndio kitu pekee alichokuwa amemaliza kukilipia. Wasoda, askari wa jeshi, walikuwa wanapekua kila gari.

Walipoona jeneza, mmoja akavua kofia. Mwingine akaanza kusukuma watu pembeni. Grégoire akatabasamu kwa huzuni inayofaa.

Aliwafikiria wasoda wote. Hakuwafikiria akina maman.

Walikuwa kando ya barabara na sufuria za chai, wanawake wa parokia, wakiwapa wapitao. Na Fabiola alilia vizuri mno. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Angelia ovyo, wangempita. Lakini alilia kama mtu aliyesomea, akajitupa juu ya kifuniko, na akina maman wakaacha sufuria, wakaja wote. Watu wa Bukavu wanaweza kukimbia dhoruba, lakini kilio hawakipiti.

"Poleni, batoto bangu." Aliyesema alikuwa Maman Séraphine, mwenye kitambaa cha parokia na sauti ya kuongoza litania. "Nani amelala?"

Grégoire alimwonyesha Bienfait kwa kidevu. "Mama yake."

"Pole, papa. Jina yake? Hatuombeake mutu bila jina."

Bienfait alifungua mdomo, akatafuta jina la uongo.

"Na shirika yake?" Maman Séraphine aliendelea. "Parokia zote za hapa minazijua."

Msoda alikuwa anasikiliza. Kupitia koti la Grégoire, kitu kigumu kikamgusa Bienfait ubavuni. Kutunga jina ni rahisi. Kutunga shirika zima, na kiongozi wake, mbele ya mwanamke huyu, hakuna mwizi aliyewahi kuweza. Bienfait alijua shirika moja tu.

"Constance," alisema. "Shirika la Mutakatifu Ana. Kadutu."

"Kwa Papa Didier!" Simu ilikuwa sikioni mwa Maman Séraphine tayari. "Papa Didier? Pole, papa. Maman Constance ametuacha. Ndiyo. Mutoto yake iko naye hapa kwa barrière ya basoda, ndani ya sanduku... Ndiyo. Nitamwambia."

Akaishusha simu. Macho yake yalilowa.

"Anasema pole sana. Walikuwa wanatayarisha machela. Anasema kama ulifika kumuchukua kabla yao, Mungu akubariki. Hawapande tena kwa nyumba yake. Wanashuka, watakukuta Miti kwa matanga."

Kitu kigumu kikasukuma zaidi.

"Aksanti, maman," Bienfait alisema.

Walisali. Walisali sala yote, bila kuruka neno, kwa ajili ya roho ya mwanamke aliyekuwa amelala kitandani Kadutu akisikiliza upepo. Msoda akaitikia amina. Kizuizi kikafunguliwa.

SAA SITA KASOROBO

"Simu," Bienfait alisema akiendesha. "Nipe simu, chef. Dakika moja."

"Miti kwanza."

"Ulisema Kadutu."

"Nilisema tukimaliza. Tumemaliza?"

Bienfait akakata kona. Gari likaacha barabara ya Miti, likaingia ya nyuma, ile ya kurudi mjini. Bastola ikatoka kotini, ikamkaa shingoni.

"Rudisha gari. Nitakupiga."

"Piga."

"Akikufa, nani ataendesha?" Fabiola aliuliza kutoka nyuma, bila machozi sasa. "Weye?"

Macho ya Grégoire yakashuka kwenye pedali. Grégoire angeweza kuruka nje, lakini dhahabu isingeruka naye. Kwa hiyo alipanda Kadutu, na bastola yake, kama abiria.

Mvua ikaanguka kwa mkupuo mmoja. Barabara ikawa mto mwekundu.

Chini ya mteremko walikutana na kundi la watu wakishuka na mizigo. Mbele yao alikuwa Papa Didier, na begani machela iliyokunjwa.

Bienfait akasimamisha gari, akaruka nje.

"Papa Didier! Mama iko wapi?"

Mzee alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyerukwa na akili. Akamshika mkono.

"Mwanangu," alisema. "Si uko naye nyuma?"

Vijana walikuwa tayari wameshika jeneza, maana marehemu wa shirika habebwi na wageni. Wakanyanyua. Misumari ya mtu ikashindwa. Sanduku la chuma likatoka kwa chini, likazama matopeni, na watu wote wakalitazama.

 Kisha mlima ukasema, kwa sauti ndefu ya chini, kama lori linalomwaga mawe.

Bienfait alikuwa tayari anakimbia kupanda.

SAA NANE

Fabiola alipotea kwenye mvua. Hakuna aliyemwona tena. Grégoire wasoda walimkuta nyuma ya usukani, injini inanguruma, akikanyaga pedali zote kwa zamu, heshima yake yote ikiwa imesimama pale pale.

Juu, pale palipokuwa na nyumba nne, palikuwa na udongo. Shirika zima lilichimba, kwa majembe, kwa sahani, kwa mikono. Waliona kitanda kwanza. Ilionekana Maman Constance alikuwa ameketi udongo ulipomfunika, kitambaa cha misa kichwani, na mfuko wake mdogo magotini. Alikuwa amejitayarisha kubebwa.

Papa Didier hakumuuliza Bienfait neno lolote. Ingekuwa afadhali amuulize.

Chini, pembeni mwa barabara, Delphin hakukimbia. Alikuwa ameligeuza jeneza juu chini. Aliokota misumari yake matopeni, mmoja mmoja, akainyoosha juu ya jiwe, akaanza kurudisha mbao za chini.

Safari hii alikuwa na kipimo cha mtu.