Utepe Ulioishia Njiani

Fundi cherehani alishona utepe kuzunguka kitambaa cha meza ya duara. Loo! Ukaishia njiani tena. Sentimita kumi zilibaki wazi.

Ilikuwa mchana kweupe. Mlango ulikuwa umefungwa, na binti yake alikuwa shuleni. Hata hivyo, fundi alihisi kuna mtu nyuma yake. Akageuka. Hakuna mtu.

"Marehemu mama alinifundisha: pima upana, zidisha kwa tatu," alinong'ona. "Sasa nani anakula utepe wangu?"

Juzi, kitambaa chenye upana mara mbili ya hiki kilipungukiwa sentimita ishirini. Mwizi gani huyu anayeiba kwa kipimo? Alikuwa amemshuku binti yake. Sasa utepe ulipopungua naye hayupo, alimwogopa kabisa. Mtoto huyu ana pepo! Jumamosi angempeleka akaishi kwa shangazi yake.

Alichukua kitambaa kiwe ushahidi, akaenda shuleni kumwambia mwalimu wa binti yake kwamba mtoto anahama.

Darasa lilikuwa kimya ajabu. Watoto walikuwa wakizungusha nyuzi kwenye vifuniko na ndoo.

"Pengo limebaki," mmoja alinong'ona.

"Hata hapa limebaki."

Fundi akarudi nyuma hatua moja. "Mwalimu, nalo liko huku?"

"Liko kila penye duara, mama. Hebu tandika kitambaa chako."

Mwalimu alikata uzi sawa na upana wa kitambaa, akipitia katikati. Uzi ule ukalala ukingoni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pengo likabaki, lilelile.

"Sasa kunja uzi huo vipande saba vilivyo sawa. Kipande kimoja kiweke penye pengo."

Kikaenea. Fundi akapitisha kidole juu yake.

"Upana mara tatu, ongeza karibu sehemu yake moja ya saba," alisema mwalimu. "Sufuria, gurudumu, yote ni hivyo."

"Nani aliyepanga hivyo?"

"Hakuna. Ndivyo duara lilivyo."

Fundi alimtazama binti yake, aliyekuwa amejikunyata pembeni.

"Mwanangu, nilikushuku na kukuogopa bure. Nisamehe."

Jumamosi hakuna aliyesafiri. Mama alikata utepe na kuongeza ile sehemu ya saba. Binti alishika ncha moja, mama nyingine. Zikakutana.

"Mama," binti aliuliza, "bado unaniogopa?"

Machozi yalimtoka fundi. "Hapana, mwanangu. Najiogopa mimi, niliyetaka kukufukuza kwa hesabu nisiyoijua."