Gari Langu, Jina Lake

Nina miaka arobaini na minne. Kwetu ni Nyamira, Kenya, lakini kwa sasa naishi Hyattsville, Maryland, nje kidogo ya Washington. Naishi peke yangu katika chumba kimoja chenye jokofu linalonguruma kutwa kucha, na siku nyingine hiyo ndiyo sauti pekee ninayoisikia. Kazi yangu ilikuwa kutunza wazee. Nasema ilikuwa, kwa sababu nyonga yangu ya kushoto hainiruhusu tena kumwinua mtu kitandani...

Wasomaji wenzangu, sijaja hapa kuhurumiwa. Pole nimepewa nyingi na hazijanisaidia kupanda ngazi. Nimekuja kuwaambia jambo moja ambalo mimi sikuambiwa.

Nilipofika nchi hii sikuwa na mtu. Kanisani ndiko nilikokutana na Josiane, mwanamke wa Bukavu, mpishi katika mkahawa mmoja mtaa wa Shaw, mwenye kicheko cha kusikika mpaka nje kwenye maegesho. Tukapanga nyumba pamoja. Yeye alinifundisha kupika sombe, yaani kisamvu cha kwao, mimi nikamfundisha kula ugali bila kulalamika kwamba ni mgumu. Ndugu zangu wa tumbo moja wako mbali, kwa hiyo Josiane ndiye aliyekuwa ndugu yangu.

Tulikuwa na desturi yetu. Kila mmoja akifika kazini anamtumia mwenzake neno moja tu: "Nimefika." Ukichelewa kulituma, simu inalia: "Umefika?" Basi! Hatukuwa na maneno mengine. Lakini jamani, mnajua raha ya kuwa na mtu mmoja duniani anayetaka kujua kama umefika?

Nikapata kazi nzuri Gaithersburg. Kwa basi ilikuwa mateso, nabadilisha hapa, nangoja pale, baridi inanila masikio. Nilihitaji gari. Lakini Marekani mtu ambaye hajawahi kukopa ni kama hajazaliwa, hakuna anayemwamini. Josiane alikuwa amekaa miaka mingi, na jina lake lilikuwa safi.

"Dada Moraa, mi niko na crédit ya muzuri," akaniambia. "Tuandike gari ku jina yangu. Wewe utalipa, wewe utaendesha. Kuko shida gani?"

Sisi wahamiaji ndivyo tulivyo. Tunakopeshana sufuria, tunakopeshana makoti ya baridi, na tunakopeshana majina. Sikuona ubaya wowote, tena nililia kwa furaha. Gari likatoka dukani jipya kabisa, langu, kwa jina la mwanamke aliyekuwa na leseni pochini lakini akiona barabara kubwa anafumba macho!

Jumapili ile mchungaji aliliombea gari na kupaka mafuta kwenye boneti, akina mama wakapiga vigelegele. Josiane akasimama mlangoni kwa dereva tumpige picha, ameshika ufunguo kama mheshimiwa. Tulicheka mpaka machozi. Ile picha bado ninayo kwenye simu na siifungui.

Haikupita miezi mingi, gari likaanza visa. Naendesha vizuri, ghafla injini inanyamaza. Usukani unakuwa mzito, breki zinakuwa ngumu, taa zote zinawaka mbele yangu... halafu ukisubiri kidogo linawaka kama halijafanya lolote. Nililipeleka dukani tulikolinunua. Wakaunganisha kompyuta yao, wakasema hawaoni tatizo. Nikarudi tena. Safari hii bwana wa kaunta akaniuliza kama mimi ndiye mwenye gari. Nikasema ndiyo, ni langu. Akatazama kioo cha kompyuta yake, akasema mwenye gari ni Josiane, na kama kuna malalamiko rasmi, yeye ndiye aje ayaandikishe.

Hapo ndipo nilipokosea, na nadhani ni kosa la watu wa kwetu hasa. Mtu amekukopesha jina lake... utamrudiaje na kumwambia kitu alichokupatia kina kasoro? Niliona ni utovu wa shukrani, kama kula kwa mtu kisha ukasema chumvi imezidi. Josiane alikuwa akirudi kutoka jikoni miguu imevimba. Je, ningemwambia apoteze siku ya kazi aje kulalamikia gari ambalo hata halipandi? Nikanyamaza. Nikampelekea fundi wa uchochoroni, akabadilisha betri, akasema limepona.

Lilipona wapi!

Kisha baba yake Josiane akafariki huko Bukavu. Hakuweza kusafiri kwenda kuzika. Wacha nisieleze sana, walioko ng'ambo mnajua kilio cha mtu anayemzika mzazi kwa simu. Matanga yakapangwa nyumbani kwa binamu yake huko Gaithersburg. Mimi nilipewa kazi moja kubwa, kuleta picha ya marehemu. Nilikuwa nimeipeleka ikuzwe na kutiwa fremu na kioo, mzee amevaa suti ya kijivu, anatazama mbele bila kutabasamu. Picha hiyo ndiyo ingewekwa mbele ya watu, maana mwili haukuwepo. Picha ndiyo ilikuwa mwili.

Katikati ya barabara kuu ya kwenda Gaithersburg, gari likazima.

Nilijikokota mpaka pembeni, magari yananipita yakipiga honi. Nikampigia Josiane, simu yake imefungwa. Nikampigia binamu yake. "Gari imezima hapa kwa highway," nikamwambia. "Niko stuck, nangoja towing. Tafadhali mwambie Josiane nakuja!" Akaitikia harakaharaka, nyuma yake nasikia wanaimba. Nikakaa pale nikingoja gari la kuvuta, na mzee wa watu kwenye kiti cha abiria, nimemfunga mkanda asianguke...

Nilipofika, viti vilikuwa vimeshakunjwa. Watu walikuwa wamemlilia mzee mbele ya ukuta mtupu. Josiane alikuwa mlangoni, macho mekundu, hakunyoosha hata mkono kupokea picha.

"Gari mupya, Moraa!" akasema. "Gari mupya inazima aje? Na ikachagua siku ya papa yangu?"

Nilijieleza, nikaapa. Lakini ningeaminiwa vipi, na sikuwa nimewahi kumwambia kwamba gari huzima? Ile heshima yangu ya kijinga ilinigeukia. Kwake yeye gari lilikuwa zima tangu siku ya vigelegele. Akaona nilimpuuza tu, labda nilichukua zamu ya ziada kazini. Wiki hiyohiyo alihamia kwa binamu yake, na barua zake zikamfuata huko. Picha aliiacha kwangu, nami nikaiweka kwenye buti ya gari, nikiwaza kwamba siku moja atalainika nimpe.

Hakulainika. Na mimi, niseme ukweli, nikapandisha mabega. Mimi Moraa nimwombe mtu msamaha kwa kosa ambalo si langu? Thubutu! Kanisani tukawa tunakaa pande mbili, yeye karibu na kinanda, mimi karibu na mlango. Ikawa nikifika kazini nashika simu, naikumbuka hali yetu, naitia mfukoni. Hakuna aliyeniuliza kama nimefika. Ningeweza kupotea siku mbili na anayegundua akawa ni msimamizi wa zamu.

Miezi ikaenda. Gari likawa linazima na kuwaka, nami nimezoea, nakaa mstari wa kulia ili likizima nipate pa kukimbilia. Mpaka mchana mmoja, nikielekea kazini, likazima mahali ambapo hapakuwa na pembeni, pana matengenezo, kuta za zege huku na huku. Niliona lori kwenye kioo cha nyuma. Lilikuwa likija, likija... Nilisema "Yesu" mara moja tu.

Nilizindukia hospitalini. Nyonga imevunjika, mbavu zinauma nikivuta pumzi. Na nani amekaa kando ya kitanda? Josiane! Polisi walikuwa wamesoma nambari ya gari na kumpigia mwenye gari, kwa sababu katika nchi hii nzima karatasi zilikuwa zinamjua yeye tu. Nilifurahi kumwona, sitadanganya. Nilisahau hata maumivu.

Kwenye mapaja yake alikuwa ameshika picha ya baba yake. Walikuwa wamemkabidhi vitu vilivyotolewa garini. Kioo kilikuwa kimepasuka, mzee bado anatazama mbele na suti yake ya kijivu.

"Kumbe ulikuwa unatembea naye," akasema.

"Nilikuwa nangoja uichukue," nikamjibu. "Josiane, siku ile gari ilizima. Sikukudanganya."

Akaanza kulia. Nilidhani analilia baba yake, nikataka kumshika mkono. Ndipo akasema.

"Dada, minajua. Minajua ilizima. Kampuni ilinipigiaka simu, na baruwa zilikuya. Walisema magari ya aina ile inazimaka mu route, pompe ya essence ni mubaya, tuipeleke watengeneze bure."

Pampu ya petroli! Nilidhani dawa za hospitali zinanichezea masikio. Nikamwuliza alijua tangu lini. Tangu muda mfupi baada ya matanga, akasema. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuwa na kasirani. Niliwaza, siku Moraa atakuya kuniomba pardon ya papa, ndio nitamuambia."

Mnaelewa, wasomaji wenzangu? Alijua gari litazima. Alijua tena kwamba sikumdanganya, kwamba hakukuwa na cha kuombwa msamaha! Lakini hasira ilikuwa imeshakaa, na yeye akaiacha ikae, na kila siku mimi nikawa naingia barabarani na kifo kwenye boneti. Ningekuwa adui yake ningeelewa. Mimi nilikuwa ndugu yake! Nikageukia ukuta. Baadaye mchungaji alikuja, na mbele yake nikasema nimemsamehe, kwa maana ungesema nini mbele ya mchungaji?

Nilipopata kutembea kwa magongo nilimwona wakili. Akanieleza kwamba Wamarekani huliita gari la namna hii limau, na Maryland ina sheria ya kumlinda aliyelinunua jipya. Likipelekwa dukani mara kadhaa likashindikana, kampuni inalazimika kulibadilisha au kulichukua. Lakini sheria ina muda wake, nao ulikuwa umepita. Inataka mnunuzi alalamike rasmi, nami sikuwa mnunuzi. Inataka ushahidi wa matengenezo ya dukani, nami baada ya kwenda mara mbili tu nilihamia kwa fundi wa uchochoroni nikinunua betri. Sheria ilikuwepo wakati wote, ila ilikuwa inamlinda Josiane.

Halafu akaniambia jambo lililoniumiza kuliko nyonga. Chini ya kioo cha mbele cha kila gari, upande wa dereva, kuna namba ndefu. Mtu yeyote anaweza kuiandika kwenye tovuti ya serikali akaona kama gari limeitwa kurudi kutengenezwa. Haulizwi jina! Hata malalamiko anaweza kuyaandika hapohapo. Namba ile ilikuwa mbele ya macho yangu kila asubuhi, nikaifuta vumbi mara ngapi sijui. Sikumhitaji Josiane. Sikumhitaji mtu.

Josiane amehamia Ohio kwa dada zake. Kabla ya kuondoka alikuja kuniaga, tukakaa tukinywa chai kama watu wasiojuana, akasifu mapazia. Aliondoka na picha ya baba yake, aliyokuwa ameiacha kando ya kitanda changu hospitalini, nami nikaitia fremu mpya. Nilimsindikiza mpaka kwenye ngazi, mbali kuliko hapo siwezi.

Nawasihi, ndugu zangu mlioko huku na mnaotaka kuja. Jina la mwenzako si koti la baridi. Kama huwezi kununua gari kwa jina lako, panda basi mpaka uweze. Kama umeshalinunua, isome hiyo namba leo, tena uisome mara kwa mara. Gari likiwa na kasoro, sema, hata kama aliyekusaidia atakunja uso. Na wewe uliyenuna, unayejua jambo linaloweza kumwua mwenzako... mwambie kwanza, kisha rudi ukaendelee kununa. Nitakuelewa.

Siku hizi nimepata kazi ya kukaa, napokea simu katika kliniki moja. Naenda kwa basi, polepole, na fimbo yangu. Nikishuka kituoni, kidole chenyewe kinafungua simu. Naandika "Nimefika", natafuta wa kumtumia, kisha nafuta na kuingia kazini.