Taa Zilizotoka Masimba

Ukutani palikuwa na kivuli cha mtu, na mbele ya gari hapakuwa na mtu.

Fundi Bosire alizima taa, akahesabu hadi tatu, akawasha tena. Taa zilinguruma kidogo, zikatoa rangi ya samawati, kisha zikawa nyeupe kama maziwa. Kivuli kilikuwa palepale, juu ya mstari wa chaki wa kupimia taa: mtu mrefu, shingo imelala upande mmoja. Bosire alipita mbele ya gari. Kivuli chake mwenyewe kilipita juu ya kile kingine, na kile kingine hakikusogea.

"Nzi ameingia kwenye kioo," alijiambia. Alifungua vioo vyote viwili akavifuta. Hapakuwa na nzi. Palikuwa na harufu ya nywele zilizoungua, akadhani ni waya.

Ilikuwa Ijumaa jioni, mwaka wa 1998, baada ya ile mvua iliyoharibu barabara zote za Kisii na Nyamira. Karakana yake ilikuwa uani mwa duka la vipuri la mzee Ratilal, mjini Kisii. Gari lilikuwa la shemeji yake Makori, kaka wa mkewe Marion. Ilikuwa pikapu ya Pijo, kuukuu, iliyobeba ndizi kutoka Nyamira kila alfajiri. Makori alikuwa ameleta taa za zenoni ndani ya gunia, pamoja na visanduku vyake viwili vya kupandisha umeme. Taa za namna hiyo Bosire alikuwa ameziona mara mbili tu, kwenye magari mapya ya watu wa Nairobi.

"Umezitoa wapi, shemeji?"

"Masimba. Kwani siku hizi wewe ni fundi au ni polisi?"

Ratilal alitoka dukani, akashika balbu moja kwa kitambaa, akaitazama kwa muda.

"Fundi, hii usifunge hapa," alisema. "Hii ilitengenezewa kioo chake. Kioo cha Pijo ni cha balbu ya kawaida, mwanga utatawanyika kila upande. Yule anayekuja mbele hataona kitu."

Makori alicheka. "Mzee, anayekuja mbele ana mama yake wa kumwombea. Mimi nataka ukungu wa Nyamira unikimbie. Sasa hivi gari langu linaona kama ajuza mwenye mtoto wa jicho."

"Mimi nimesema," Ratilal alijibu, akarudi ndani.

Bosire alijua kwamba mzee anasema kweli. Alijua na jambo lingine. Pikapu ikiwa tupu, pua yake iko chini, na taa zinaangalia barabara. Ikibebeshwa ndizi, mkia hushuka, pua huinuka, na taa huangalia watu machoni. Kwa hiyo siku nyingine zote, kila alipomaliza kupima taa za pikapu tupu, alipakia magunia manane ya mchanga nyuma, akapima mara ya pili, akazishusha. Kazi hiyo ilichukua nusu saa. Na jua lilikuwa tayari limegusa mabati ya jengo la pili. Sabato ilikuwa inaingia. Bosire alikuwa shemasi wa Waadventista kule Kiogoro, na tangu abatizwe hakuwahi kushika spana baada ya jua kutua.

Alitazama magunia. Alitazama jua. Akafunga boneti.

"Tayari?" Makori aliuliza.

"Tayari."

Jioni hiyo waliikaribisha Sabato nyumbani kwa nyimbo, yeye na Marion na Emily, mtoto wao wa pekee. Emily ndiye aliyeanzisha kila wimbo, maana baba yake alikuwa anaanzia juu mno na wote wakaishia kukohoa na kucheka.

Jumatatu, kabla ya kupambazuka, Emily alitoka na sanduku la shule kichwani kwenda kungoja gari. Alikuwa na miaka kumi na sita. Lori la majani ya chai lilikuwa linapanda kutoka Kisii. Pijo ya Makori ilikuwa inateremka, imejaa ndizi hadi juu. Dereva wa lori aliwaambia polisi: "Niliona mwanga mweupe tu. Sikuona barabara, sikuona mikono yangu. Nikakata kushoto." Kushoto ndiko alikokuwa Emily.

Pijo haikusimama.

Watu walikuja kutoa pole. Walisema ni mpango wa Mungu. Walisema hivyo wakiwa na vikombe vya chai mikononi, wakiomba sukari iongezwe. Mungu hakuzifunga taa zile. Mungu hakuendesha Pijo. Anayesema maneno hayo hajawahi kukaa kwenye kigoda na kutenganisha kurasa za daftari la mtoto wake zilizogandana kwa damu. Bosire aliyasikiliza yote, akasema asante, na ndani ya kifua chake kulikuwa na moto.

Jioni ya kabla ya mazishi, giza lilipoanza kuingia, Makori alifika na Pijo, ameleta ndizi za wageni. Bosire alimvuta kwa shati kutoka kwenye kiti cha dereva.

"Umekuja na hizi taa nyumbani kwangu? Na hizi taa, Makori?"

"Mimi sikumgusa! Lori ndilo lililomgonga, waulize polisi!"

"Zizime."

Makori aliingiza mkono akabonyeza swichi. Taa hazikuzimika. Aliibonyeza tena na tena. Hapo wote wawili wakaona ukuta wa jikoni. Yule mtu mrefu wa karakana hakuwapo. Alikuwapo msichana, sanduku kichwani, mkono mmoja umelishika.

Marion alikuwa amesimama mlangoni.

"Msizime," alisema kwa sauti ndogo. "Baba Emily, nakuomba. Msizime."

Makori aliutupa ufunguo majanini akaondoka kwa miguu, karibu anakimbia. Pijo ikabaki.

Walimzika Emily kesho yake. Kuanzia jioni hiyo, kila ilipofika saa moja, taa ziliwaka zenyewe, na Marion akatoka na kigoda chake akaketi kuutazama ukuta. Alikisimulia kivuli habari za mchana: nani amekuja, ng'ombe ametoa maziwa kiasi gani. Bosire alimsihi aingie ndani.

"Tumefundishwa, mama. Aliyekufa amelala, hajui lolote mpaka siku ya kufufuliwa. Huyo si mtoto wetu."

"Wewe nenda ukalale na mafundisho yako," alijibu bila kugeuka. "Mimi niko na mwanangu."

Bosire aling'oa betri. Saa moja taa ziliwaka. Alikata waya za visanduku vyote viwili, akazitupa chooni. Saa moja taa ziliwaka, na safari hii ule mngurumo wake haukuwa wa umeme tena, ulikuwa wa mtu anayeimba amefunga mdomo, wimbo wa kukaribisha Sabato, umeanzia juu mno. Kuku waliacha kulala kwenye banda lililo karibu na ukuta ule. Harufu ya nywele zilizoungua iliingia kwenye uji, kwenye matandiko, kwenye nguo alizovaa kanisani.

Siku ya kumi na moja alirudi kutoka mjini amechelewa kidogo, mvua ikinyesha, na alipofika kwenye ua aliona mkewe hayuko kwenye kigoda bali amesimama katikati ya gari na ukuta, mwanga wote ukimpiga mgongoni, mikono ameinyoosha mbele kama anayepokea mzigo, na Bosire alikimbia akimwita, na alipokuwa akikimbia aliona kivuli chake mwenyewe kirefu kikimtangulia ukutani, aliona kivuli cha kuku aliyeloa, aliona vivuli vya matone ya mvua, na pale palipostahili kuwa na kivuli cha Marion hapakuwa na kitu, ukuta ulikuwa mweupe mtupu, ila yule msichana alikuwa ameshusha sanduku na kunyoosha mikono naye, na vidole vyake vilikuwa vimekuwa virefu kuliko vya mtu.

Alimbeba mkewe hadi ndani. Alikuwa mwepesi kama kikapu.

"Ulimzuia," Marion alinong'ona. "Alikuwa ananiambia niingie. Ni hatua moja tu, Baba Emily."

Hapo Bosire alielewa kwamba atazika mara ya pili, na si baada ya muda mrefu.

Asubuhi alikwenda kwa Nyangate. Huyu alikuwa mjane, mwanamke wa maombi, mkali, ambaye wachungaji wengine walimwogopa kwa sababu hakujua kuzunguka maneno. Alisikiliza hadithi yote akiambua maharagwe.

"Liite jini, liite pepo, ni shetani yule yule amebadilisha koti," alisema. "Hawezi kuingia mahali asipokaribishwa. Niletee huyo Makori. Nitakuja jioni."

Makori hakutaka kuja. Bosire alimleta. Makori alifika na jicho moja limevimba.

Saa moja taa ziliwaka. Marion alikuwa tayari kwenye kigoda chake, amechana nywele. Nyangate alisimama kando yake, Biblia kwapani, hakuifungua.

"Makori. Taa hizi ulizitoa wapi?"

"Masimba, omong'ina," alijibu, akimwita mama mzee kwa heshima. "Gari lilikuwa limebingirika."

"Uliuziwa na nani?"

Makori alitazama chini. Mngurumo wa taa ulipanda.

"Sikuuziwa. Nilifika wa kwanza. Gari limelala shambani kwa watu, taa zinawaka. Dereva alikuwa ndani, shingo yake imelala hivi. Alikuwa anapumua. Aliniambia, ndugu, nisaidie mlango." Alifuta pua kwa kiganja. "Nikamwambia, ngoja kidogo. Nikaanza na taa. Alikuwa ananiangalia mpaka nikamaliza."

"Na mlango?"

"Nilipomaliza hakukuwa na haja tena."

Bosire aliinua ngumi. Nyangate aliishika.

"Mpige kesho. Tazama ukuta."

Kivuli hakikuwa kimeondoka. Kilitikisika tu, kama nguo kwenye kamba, kikatulia. Msichana akageuza kichwa, akawa anawatazama, ingawa hakuwa na macho.

"Mmoja amesema," Nyangate alinena polepole. "Lakini limebaki. Yuko aliyelikaribisha zaidi. Nani mwingine amezigusa taa hizi?"

Mvua ilipiga mabati. Marion aliinuka kwenye kigoda, akaanza kutembea kuelekea ukutani, taratibu, kama mtu anayeitwa na mwenyeji wake, na kila hatua aliyopiga wimbo ule wa mdomo uliofungwa uliongezeka, na harufu ikawa nzito hata Makori akatapika, na kutoka ukutani ilisikika sauti ya Emily, sauti yake hasa, na ile kwikwi ya kicheko iliyomshika kila baba yake alipokosea wimbo, ikisema, Mama, njoo, Mama, hapa hakuna giza, na Bosire, ambaye kwa siku zote hizo alikuwa amemchukia Makori kwa moyo wake wote kwa sababu kumchukia Makori kulimwezesha kulala, alifungua mdomo.

"Ni mimi," alisema.

Marion hakusimama.

"Mama Emily, nisikilize. Nilizipima gari likiwa tupu. Nilijua likibeba ndizi zitainuka, zitampiga mtu machoni. Magunia ya mchanga yalikuwa pale, hatua tano kutoka kwangu. Ilibaki nusu saa ya kazi, na jua lilikuwa linatua. Nikasema Sabato ni Sabato. Nikamwambia kaka yako, tayari. Nilijua, Marion. Niliambiwa na Ratilal, na hata kama nisingeambiwa, nilijua."

Marion alisimama. Mkono wake ulikuwa umebakiza upana wa kiganja kufika ukutani. Aligeuka, na mwanga ule wote ukampiga usoni, na hakupepesa.

Nyuma yake ukutani msichana alianza kurefuka. Sanduku liliyeyuka. Shingo ililala upande mmoja, kisha upande wa pili, kisha hapakuwa na shingo wala kichwa, kulikuwa na kitu kirefu kinachojikunja kama karatasi motoni, na katikati yake, kidogo kidogo, kikatokea kivuli cha mwanamke mnene wa makamo aliyejifunga leso. Kilikuwa cha Marion.

"Sasa," alisema Nyangate.

Bosire alishika nyundo. Marion aliipokonya. Alipita mbele yake kana kwamba anapita mbele ya mti, akapiga taa ya kulia, akapiga taa ya kushoto, akaendelea kupiga hata baada ya kioo kwisha, akapiga bati, akapiga boneti, mpaka mpini ulipokatika. Kitu kilipita juu ya ua na upepo wa moto, kuelekea barabarani, na mbwa wa majirani walibweka mmoja baada ya mwingine mpaka mbali. Kisha giza la kawaida, na mvua.

Nyangate aliomba kwa maneno machache. Alimchukua Makori kwa mkono, akamwambia kwamba wanakwenda kituo cha polisi usiku huohuo, na kama anataka kukimbia ajaribu. Hakujaribu.

Walibaki wawili kwenye ua.

"Bosire," Marion alisema. Kwa miaka kumi na sita hakuwa amemwita kwa jina hilo. "Ijumaa ile, uliporudi, uliimba."

"Niliimba."

"Ukijua."

"Nikijua."

Marion aliingia ndani. Komeo lilisikika.

Bosire aliketi kwenye kigoda, kwenye mvua, miguu ikiwa juu ya vipande vya vioo. Hakugonga mlango. Baada ya muda alisikia sauti ndani, akainuka haraka kwa hofu, akaweka sikio kwenye ubao. Alikuwa ni mkewe analia, kwa sauti kubwa, mbaya, ya kukauka koo, akimtaja mtoto wake kama mama anavyomtaja aliyekufa. Tangu mazishi hakuwa amelia hata mara moja.

Bosire alipiga magoti pale mlangoni, akamshukuru Mungu, na hakuthubutu kuomba lingine.