Hilo Si Jina

Paa la jikoni lilikuwa linavuja, na mvua kubwa zilikuwa njiani. Ndiyo maana jioni ile mimi na wifi yangu Rosaura tuliingia msituni kukata majani ya irapay ya kuezekea. Kazi ya kawaida. Nimeifanya tangu nikiwa mtoto.

Rosaura hajui kufanya kazi kimya.

"Wifi, yule muuza chumvi wa kwenye boti amekuulizia tena."

"Ameuliza nini?"

"Kama mjane wa Nolberto bado anavaa nyeusi. Nikamwambia anavaa, ila imeanza kupauka."

Nikacheka. Halafu nikaona haya, maana marehemu alikuwa kaka yake yeye, na mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Marehemu... ndivyo tulivyoamini. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita tangu mume wangu, Nolberto, aondoke na injinia mmoja kutoka Lima. Injinia alitaka kuchora ramani ya huko juu ya kijito chetu, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupapima. Kabla ya safari alikaa kwangu wiki nzima, akila samaki wangu na kunywa masato, pombe yetu ya muhogo. Nolberto alikuwa wa kuonyesha njia. Wa kubeba mizigo alikuwa Bubu.

Bubu hakuwa bubu. Alitoka kwa watu wa mto wa juu, na Kihispania chake kilikuwa cha maneno mawili matatu. Mtu mmoja alimwita hivyo kwa utani, likaganda. Alitukatia kuni kwa miaka. Binti yangu aliposhikwa na homa, Bubu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, matope yakimfika magotini. Aliporudi nilimpa sahani ya wali na ndizi. Alikula amesimama, nje, na mimi sikumwambia aingie.

Hawakurudi, wote watatu. Tulitafuta mpaka tukachoka. Kisha tukawasha mishumaa, mmoja wa Nolberto, mmoja wa injinia.

Mzigo wa kwanza ulipojaa, Rosaura alijitwisha. "Narudi kumenya ndizi. Usichelewe. Na ukimkuta muuza chumvi huko, mlete."

Kicheko chake kikapotea kati ya miti. Nikabaki peke yangu.

Mbele kidogo niliona majani mapana zaidi. Nikasogea. Nikasogea tena.

Kisha nikasikia mluzi.

Ulikuwa wimbo mfupi, wenye noti moja iliyopinda mwishoni. Nolberto alikuwa akiupiga kila anaponoa panga, na siku zote alikosea pale pale. Huyu naye alikosea pale pale.

Miguu yangu ilienda kabla sijaiamuru.

Harufu ikanipokea. Ndimu... kali, kama mtu amekamua gunia zima la ndimu. Lakini msituni kwetu hakuna mndimu. Ndege walikuwa wamenyamaza. Nikajua nimefika wapi, na nilikuwa nimechelewa kugeuka.

Kila mtoto wa mto wetu ameonywa kuhusu supay chacra, shamba la shetani. Ni uwazi katikati ya msitu, wenye miti ya aina moja tu, mifupi, matawi yake yamejaa sisimizi wadogo wenye harufu na ukali wa ndimu. Chini hapamei kitu. Wasomi wanasema ni sisimizi wanaoua mimea mingine. Sisi tunasema shamba lina mwenyewe, Chullachaqui, ambaye mguu wake mmoja ni wa mtu na wa pili ni mdogo, kama kwato. Huja na sura ya mtu wako ili umfuate.

Watu watatu walikuwa wamepiga magoti shambani.

Walikuwa wanapalilia kwa vidole. Kila kijani kilichochungulia udongoni walikinyofoa, wakasogea, wakanyofoa tena. Hawakuangaliana. Nguo zao zilikuwa matambara. Sisimizi walitembea midomoni mwao, wakaingia, wakatoka, na hakuna aliyejifuta.

Wa karibu yangu alikuwa mume wangu.

"Nolberto..." nikanong'ona. Nikamshika bega. Lilikuwa baridi.

Aliinua uso. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyempisha njiani.

"Samahani, mama," alisema kwa adabu. "Umekanyaga kazi."

Akausogeza mguu wangu taratibu, akanyofoa jani lililokuwa chini yake.

"Kumbe umewapata, wifi!"

Nikageuka kwa furaha. Rosaura alikuwa amesimama kwenye kivuli, kitambaa chake chekundu kichwani, mkono kiunoni kama kawaida yake. Lakini Rosaura alikuwa nyumbani anamenya ndizi.

Nikatazama chini.

Mguu wa kulia ulikuwa wa Rosaura.

Wa kushoto haukuwa wa mtu.

Sikuwa hata na kipande cha tumbaku cha kuwasha nimpulizie moshi wa kumfukuza. Nilisimama tu, mkojo ukinishuka miguuni.

"Usipige kelele," kile kitu kilisema kwa mdomo wa wifi yangu. "Wanafanya kazi."

"Umewafanya nini?"

"Mimi? Unaona mnyororo? Walikuja na kamba zao za kupimia, wakasema hapa hapana mwenyewe. Nikawakaribisha. Yote waliyokuwa wanakumbuka nimewatua. Ulikuwa mzigo mzito, wifi. Tazama wanavyopumzika."

Injinia alikuwa ananyofoa. Vidole vyake havikuwa na kucha.

"Namtaka mume wangu."

"Mchukue basi. Mtu ambaye anayemwita anajua jina lake, huyo si wangu. Lakini liwe jina kamili, alilopewa kwao. Na uite kabla jua halijazama."

Mwanga ulikuwa umebaki kwenye vilele tu.

"Nolberto Murayari Ahuanari!"

Alijikunja. Akatapika, na kilichotoka kilikuwa cheusi, kinatembea. Kisha akalia kama mtoto. "Eudocia? Eudocia, tuko wapi?"

Nikamvuta nyuma yangu. "Injinia Balarezo!"

Kile kitu kikacheka kicheko cha Rosaura. "Injinia ni kazi."

Nikafikiri mpaka kichwa kikauma. Kila jioni mezani kwangu, akishalewa masato, injinia alikuwa akijipiga kifua na kujitaja, yeye na ukoo wake wote, mpaka tukawa tunamwigiza akienda kulala. Nikaiga sauti yake ile ile ya ulevi.

"Hernán Balarezo Quicaña, mtoto wa fundi viatu!"

Injinia akaanguka kifudifudi, akaanza kutapika.

Akabaki Bubu.

Alikuwa ameshasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Aliona wenzake wameitwa, akajua ni zamu yake. Akajifuta mikono mapajani, akanitazama, akangoja.

"Bubu," nikaita.

Alingoja.

"Bubu!"

"Hilo si jina," kile kitu kilisema. Safari hii hakikucheka.

Nikamgeukia mume wangu. "Anaitwa nani?"

Nolberto alitikisa kichwa. Alikuwa amewinda na mtu yule tangu ujana.

"Injinia! Anaitwa nani?"

Injinia alikuwa anatazama udongo. "Mimi nilikuwa namwita 'wewe'," alisema.

Nikajaribu. Nikataja kila jina nililolijua, majina ya watakatifu, majina ya watu wa mto wa juu niliyowahi kuyasikia sokoni. Kila nikitaja moja, Bubu aliinua kidevu kidogo, akisikiliza kama lilikuwa lake. Halikuwa lake. Mwanga ukaondoka kwenye vilele.

"Haya, bwana," kile kitu kilimwambia kwa upole. "Endelea."

Akapiga magoti. Hakunikasirikia. Angenikasirikia, labda leo ningekuwa nalala.

Nyumbani Rosaura, yule wa kweli, aliangusha kisu na kuzirai. Kijiji kizima kilikuja. Kuku walichinjwa. Watu walicheza, wakamgusa Nolberto uso, wakamwuliza alikula nini, alilala wapi, kama kuna baridi huko. Mimi nilikaa pembeni nikingoja mtu mmoja aulize, "Na Bubu je?"

Hakuna aliyeuliza.

Injinia aliondoka na boti la kwanza. Alinishika mikono akaapa ataleta watu. Hatujamwona tena.

Nolberto naye alirudi nusu. Alfajiri nilimkuta uani ananyofoa nyasi kwa vidole.

"Twende kwao," nilimwambia. "Tukaulize jina lake."

"Niende nikawaambie nini, Eudocia? Kwamba sikulijua?"

"Ndiyo."

"Nenda wewe," alisema, na hakuinua uso.

Nikapanda boti la muuza chumvi. Safari hii alinisalimia kwa heshima ya mke wa mtu, akanishusha mto wa juu. Nikauliza kwao na yule aliyepotea na injinia, watu wakanielekeza nyumba kwa kidole. Nilimkuta mwanamke anatwanga muhogo. Alikuwa na paji la uso la kaka yake, Bubu. Kihispania alikijua vizuri kuliko nilivyotegemea.

Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kutwanga.

"Huko kwenu mnamwitaje kaka yangu?" akauliza.

Nilitamani boti lirudi linichukue.

"Bubu."

"Ndiyo nini?"

Ikabidi nimweleze maana yake. Nilionyesha mdomo, nikatikisa kichwa. Mchi ukasimama. Kisha akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akashika mbavu.

"Yeye? Asiyesema? Huyu mtu hapa hatulali kwa maneno yake! Akianza hadithi, watu wanakuja na mitumbwi kutoka nyumba za mbali kumsikiliza." Kicheko kikaisha polepole. "Miaka yote hiyo... hakusema kitu kwenu?"

"Hatukumwuliza kitu."

Akaanza tena kutwanga. "Nipe jina lake," nikamwomba. "Nitakwenda kumwita."

"Alikaa kwako hukuliuliza. Nikikupa mimi, litakuwa neno la kukariri tu. Nitamwita mwenyewe."

Tukashuka na mtumbwi wake. Njiani tulilala ukingoni chini ya chandarua kimoja. Aligawa samaki wake katikati, akanipa upande wenye mnofu. Mchana wa pili tukaacha mtumbwi kwenye matope ya kijito, tukaingia msituni. Harufu ya ndimu ilitupokea mapema kuliko mwanzo. Shamba lilikuwa limekua.

"Kaa hapa, mama," aliniambia.

Akaingia. Shamba lilikuwa tupu, udongo safi kama umefagiwa sasa hivi. Akasimama katikati, akataja jina.

Nililisikia. Naapa nililisikia, fupi na jepesi, wazi kabisa... na kabla sijalishika lilinitoka, kama ndoto unapofungua macho.

Hakuna aliyetokea. Lakini yule dada alicheka. Akanyoosha mkono. Akarudi kwangu akiwa ameufumba mkono ule, kama anamwongoza mtu, akizungumza lugha yao. Akanyamaza, akasikiliza. Akacheka tena.

"Yuko wapi?" nikanong'ona.

"Huyu hapa. Humwoni?"

Nikatikisa kichwa.

Alinitazama kwa huruma. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Huruma sikuwa nimejiandaa nayo.

"Basi," alisema. "Kwenu ni karibu. Sisi tunapanda mto."

Nikawasindikiza mpaka kwenye mtumbwi, kama hilo ndilo neno lenyewe. Aliusukuma akapanda nyuma. Pua ya mtumbwi ikazama kidogo, kama mtu mzima amekaa mbele. Akaanza kupiga kasia, anapiga soga, ananyamaza, anacheka. Upepo ukageuka, ukaniletea ndimu. Harufu haikutoka msituni. Ilitoka mtoni.

Nikatazama matope.

Palikuwa na nyayo zake, ndogo, vidole vimetanuka. Kando yake palikuwa na nyayo nyingine, mbichi, maji bado yanajaa ndani. Mguu wa kulia ulikuwa wa mwanamume. Wa kushoto ulikuwa umefutwa na mtumbwi alipousukuma, ikabaki alama moja ya nyuma tu. Inaweza kuwa kisigino.

Inaweza kuwa kisigino...

Nilikimbia majini mpaka kiunoni. Walikuwa bado hawajafika kwenye kona. Nilitaka ageuke. Nilitaka atazame miguu ya huyo aliyeketi mbele yake.

"Dada!" nikaita. "Dada!"

Hakugeuka. Dada ni mtu yeyote. Nilikuwa nimekula samaki wake na kulala kwenye chandarua chake, na nilisimama pale, maji kiunoni, mdomo wazi, nikitafuta jina ambalo sikuwa nimemwuliza.