Irine Yuko Vienna

Irine na Tumainieli walikutana kwa sababu ya gunia. Ilikuwa stendi ya Same, mchana wa jua kali, mabasi ya Dar na ya Arusha yakiingia na kutoka, wauza maji na korosho wakikimbilia madirishani. Irine alikuwa ametoka Moshi kwenye usaili mwingine wa kazi ya uuguzi, na alijua kabisa hakupata. Viatu vya kuazima vilikuwa vinambana. Akaona gunia kando ya lori, akakaa.

"Dada, hiyo ni tangawizi," sauti ikasema juu yake. "Ukiikalia sana itakuwasha."

Akainua macho. Kijana mrefu, shati la drafti limekunjwa mikono, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

"Mimi nesi," Irine akamjibu bila kuinuka. "Ikiniwasha nitajitibu."

Tumainieli akacheka. Akapakia magunia mengine yote kwenye lile lori la Dar, na la Irine akaliacha la mwisho. Alipojua kwamba binti anapanda mlimani kwao Myamba, ambako yeye hununua tangawizi kila wiki, alimpa kiti cha mbele kwenye Kanta yake, lori lake dogo. Kona za mlimani zilipoanza, walikuwa wanabishana kama watu waliokua pamoja.

Mapenzi yao yalikulia humo ndani ya Kanta, na kwenye simu. Tumainieli alimwita "nesi wangu" hata siku ambazo hakuna zahanati iliyomtaka. Irine alipopata nafasi ya kwenda kuhudumia wazee Vienna kwa mkataba wa miaka mitatu, ni Tumainieli aliyemsikiliza akikariri Kijerumani njia nzima, akiyarudia maneno vibaya makusudi ili Irine acheke.

Wakakorofishana siku chache kabla ya safari. Tumainieli alitaka kutuma wazee wa posa nyumbani kwa kina Irine kabla hajaondoka. Irine akamwambia asubiri mpaka arudi. Nia yake ilikuwa njema. Hakutaka kumfunga kijana wa watu kwa mchumba aliye ng'ambo. Lakini hakusema hivyo. Alisema tu, "Tusiharakishe."

"Kumbe unataka uende ukiwa huru," Tumainieli akasema, akawasha gari.

Baadaye walipatana kwa simu, nusunusu. Akaahidi kwamba siku ya safari atakuwa stendi ya Same kumuaga.

Siku hiyo Irine alivaa gauni la kitenge cha bluu, nywele zimesukwa upya, sweta jipya mkononi ingawa Same haina habari ya sweta. Noah aliyokodi na wazazi wake ilisimama stendi. Wakasubiri. Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Mama yake alijifanya anapanga mikoba. Mwishowe baba, Mzee Nathanaeli, akasema kwa upole kwamba ndege haitawangoja.

Walipofika Mwanga, Irine alitoa simu akaifungia namba ya Tumainieli, simu na WhatsApp. Hakulia. Alitazama milima ya kwao ikibaki nyuma ya kioo, akasema moyoni kwamba basi, yamekwisha.

Alikuwa hajawahi kupanda ndege. Ilipoinuka kutoka uwanja wa KIA tumbo lilibaki chini, masikio yakaziba, na hapakuwa na mtu wa kumshika mkono. Addis Ababa alibadilisha ndege, akiwafuata watu kwa hofu ya kupotea. Safari ya pili ilikuwa ndefu kuliko alivyoweza kuifikiria. Jirani yake alilala kabla chakula hakijaja. Irine alikula mkate wake polepole, kisha akatazama kwenye skrini kindege kidogo kikitambaa juu ya jangwa, juu ya bahari, na kila alipotazama kilikuwa mbali zaidi na nyumbani. Ndipo machozi yakaja. Aligeukia dirishani, ambako hapakuonekana kitu.

Vienna ilimpokea kwa mvua nyembamba ya baridi. Mama mmoja wa makao ya wazee alimsubiri na kibao kilichoandikwa IRENA, jina likiwa limekosewa, akampa mkono, akamsifia Kijerumani chake, halafu akaongea kwa kasi ambayo Irine hakuambulia hata nusu. Alimfikisha kwenye chumba ghorofa ya nne, akamwonyesha jiko na bomba la maji ya moto, akamkabidhi ufunguo, akaaga. Mlango ulipofungwa, Irine alisikia ukimya ambao hajawahi kuusikia. Hata kuku wa jirani hakuna.

Kazi aliiweza. Wazee aliwaosha, aliwalisha, wawili walianza kumzoea. Lakini Jumapili zilimshinda. Maduka yote yamefungwa, barabara tupu, tramu zinapita na watu wachache wasiotazamana. Alimsalimia jirani kwenye lifti. Jirani aliitika na kutazama namba za ghorofa. Aliporudi chumbani alikuwa hajasema sentensi nzima tangu asubuhi.

Jumapili moja alizungumza na mama yake. Shikamoo, marahaba, umekula, kuna baridi. Kisha mama akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba yule kijana wa tangawizi hupita pale kila siku ya soko. Huuliza kama Irine ni mzima, hunywa chai, huondoka. Hajasema neno lingine.

Irine alikaa na simu mapajani mpaka dirisha likaanza kuwa giza, saa kumi tu. Akaifungua ile namba. Alitegemea meseji zimiminike. Haikuingia hata moja. Akapiga.

"Nesi," Tumainieli akapokea.

"Mbona hujawahi kuniandikia?"

"Nimeandika sana, Irine. Kila nilichotuma kilibaki na tiki moja. Nikajua umenifungia, ila sikuacha."

Irine akafumba macho. Yote aliyoandikiwa yalipotelea njiani, na hakuna pa kuyapata.

"Kwa nini hukuja stendi?"

"Nilikuja. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya lori. Ulikuwa na kitenge cha bluu. Nilikuona unapiga, simu inaita mkononi mwangu. Nilijua nikivuka nitakuomba usiende, mbele ya baba yako. Nikashindwa kuvuka."

"Barabara ile ya Same?" Irine akasema, na kilio kikachanganyika na kicheko. "Mimi nimevuka bahari peke yangu, Tuma."

"Najua. Nisamehe."

Irine naye akamweleza alichokusudia aliposema wasiharakishe. Tumainieli akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama bado anataka asubiri.

"Hapana," Irine akasema. "Tafuta wazee wako. Nenda kwa baba."

Walipanda Myamba Jumapili iliyofuata, Tumainieli, baba yake mkubwa Mzee Melkizedeki, na shangazi yake. Simu ya mama yake Irine, ikiwa kwenye video, iliegemezwa kwenye chupa ya chai mezani, na Irine, peke yake ghorofa ya nne, akavaa kile kitenge cha bluu juu ya sweta mbili.

"Binti yetu," Mzee Nathanaeli akaita alipomaliza kusikiliza wageni, "watu hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba."

"Tuwapokee?"

"Wapokeeni, baba."

Vigelegele vikapasua spika. Sahani zikaletwa, sala ikasaliwa, viti vikavutwa. Mtu akailaza simu ili apitishe bakuli, na Irine akabaki kutazama paa. Alisikia vijiko, mvua kwenye bati, shangazi akisifia makande, kicheko cha baba yake. Hakuna aliyemkumbuka. Hakukata. Aliiweka simu karibu na sikio, akasikiliza watu wake wakila.

Muda ulipita. Kisha simu ikainuliwa, paa likayumba, mlango ukalia, na uso wa Tumainieli ukatokea ukiwa umelowa mvua.

"Upo?" akauliza.

"Nipo," Irine akasema.